Eda ya Damu

Mwandiko ule ni wangu, Mize.
Wino wa buluu, herufi zimelalia kulia.
Niliandika "kaswende: chanya", nikagonga muhuri,
nikaita jina linalofuata.
Ilikuwa Jumatatu, watu arubaini kwenye benchi,
na mwenzangu wa zamu hakuja.

Sikukutazama wewe. Nilitazama kadi:
duara jeupe, tone la maji ya damu yako,
tone la dawa iliyotolewa moyo wa ng'ombe
na ndani yake chembe za makaa.
Dakika nane kadi inatikiswa.
Makaa yakakumbatiana.

Kwetu sisi maabara, yakikumbatiana ni jibu.
Kwenu Kangagani, jibu lile ni jina la mwanamke.

Ussi hakupiga kelele.
Alikikunja cheti mara nne, akakitia mfukoni,
akangoja siku tatu,
kisha akakuandikia talaka, moja,
tarehe na sahihi,
nyuma ya karatasi yangu.

Ukaniletea. Hukulia.
"Hichi kipimo chako," ukasema, "hakisingizii?"

Nikatoboa kidole changu mwenyewe kwa aibu, nikijifanya nafanya kazi.
Kisha nikakutoa damu upya,
nikaipima kwa kipimo cha pili,
kile kinachofuata nyayo za mdudu mwenyewe.
Hakuna nyayo.
Nikarudia. Hakuna.

Ndipo nilipokuuliza swali
ambalo fomu yangu haina mstari wake:
zimetoka ngapi?
Ukaonesha vidole viwili, ukanyamaza,
ukaongeza cha tatu polepole,
kwa sababu wa tatu alikuwa ameshaanza kucheza.

Chuoni tulisoma, aya moja tu, mwisho wa ukurasa:
iko damu ambayo walinzi wake wamepotea njia,
wanayavamia mafuta ya mwili wao wenyewe,
na ukiwawekea moyo wa ng'ombe kwenye kadi
wataukamata nao.
Nilijibu vizuri kwenye mtihani.
Nikasahau kwamba aya ile ina mtu.

Chupa yenye kifuniko cha buluu, ijae mpaka alama, isipungue.
Nikaizungusha mara mbili, nikagandisha maji yake,
nikalipakata kasha la barafu hadi Mkoani,
nikalikabidhi boti ya Unguja kama anayekabidhi mtoto.

Jibu likaja na fumbo:
ndani ya chupa damu yako inachelewa kuganda,
sekunde zinahesabiwa, zinapita, bado maji;
ndani ya mwili ina haraka,
inajifunga fundo pale pale
kondo linapomlisha mtoto.

Na chini yake, kwa herufi ndogo:
*Rudieni baada ya wiki kumi na mbili.
Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu.*

Maneno manane yale ya mwisho, mimi sikuyaandika,
wala hayakuwamo hata sita; nilihesabu
ili nisitazame uso wako.

Wiki kumi na mbili. Ukacheka, mara ya kwanza:
"Kumbe na damu yangu imo edani."

Wiki ya tisa Ussi alituma mtu na kilo tano za mchele.
Ukaurudisha mchele. Mfuko ukabaki nao.

Jibu la pili lilikuwa lile lile la kwanza.
Daktari akafurahi, maskini, kwa kuwa sasa anajua:
aspirini ndogo kila siku,
na sindano chini ya ngozi ya tumbo, ikija mimba nyengine.
"Nyengine kutoka wapi?" ukamwuliza.
Akaitafuta kalamu yake mezani, nayo iko mkononi.

Eda iliisha Ijumaa. Jumamosi ukaja dirishani kwangu.
Hukuuliza sindano, hukumtaja Ussi.
"Niandikie upya," ukasema.
"Kwa mwandiko ule ule. Kwetu washaujua."

Nikaandika: *Hana kaswende. Hakuwa nayo.*
Nikagonga muhuri, nikaupuliza ukauke.
Uliigeuza karatasi kwanza, kabla hujaisoma,
ukapitisha kiganja nyuma yake.
Peupe.