Nyeupe Haipakwi

Jumanne ya pili ya mwezi, ukumbi wa kanisa, Wales;
hita moja inafanya kazi, nyingine inaunguruma tu.
Viti ishirini na vinne, watu kumi na saba,
makoti hatukuyavua.
Mimi ndiye mweka hazina: pauni tatu mlangoni, chai bure,
biskuti mbili kwa kila mtu, ingawa Hefina huchukua nne
na sote tunajua.

Juu ya meza wameinamisha kioo
ili sisi wa nyuma tuione mikono ya Nerys Vaughan,
mgeni wetu, kafika kutoka pwani na mvua yake mwenyewe.
Kioo kikageuza, kama ada yake,
hivyo mlima Aran tuliuona ukining'inia
kama popo, kilele kikielekea sakafuni.

Kwanza maji matupu. Akalowesha karatasi yote
kwa brashi pana kama ya kupakia chokaa,
na kwa muda tukawa tunatazama kitu kisichokuwapo,
kinang'aa.
Kisha buluu, tone moja, na buluu ikaenda
ilikotaka.
"Siiongozi," alisema. "Naisindikiza."

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Nerys aliyazoa. Akakunja tishu, akabonyeza mbinguni,
akainua, na pale alipobonyeza pakabaki wingu.
Hefina akasahau biskuti mdomoni.

Bonde akalijaza kahawia na manjano ya mkangaga mkavu,
ukuta wa mawe kwa ukucha wa kidole gumba,
akikwangua rangi ingali mbichi.
Lakini huku na kule mteremkoni akaruka,
akaacha vidoa, vidogo kuliko punje ya mchele,
vikavu, vyeupe.
"Nyeupe haipakwi," akatuambia. "Nyeupe huachwa.
Ukichelewa kuikumbuka, imekwenda."
Tuliandika. Mimi niliandika nyuma ya risiti ya maziwa.

"Hivyo ni nini?" Sauti ya Merfyn, safu ya mwisho,
Merfyn ambaye huja kwa ajili ya hita.
"Kondoo," akasema Nerys.
"Upande huo wa Aran?"
"Ndiyo."
"Hakuna kondoo upande huo. Niliwauza Novemba.
Mia mbili na kumi na mmoja, na mbwa akabaki
akizunguka zizi tupu, anakusanya upepo."

Hita ikaendelea kuunguruma.
Nerys hakuomba radhi, wala hakucheka
kile kicheko tunachokitoa kujiokoa.
Alichovya brashi nyembamba katika kijivu,
akaishika juu ya karatasi. Kiooni ilionekana
inachomoza kutoka chini, kama mche.
"Basi niambie wewe. Wabaki?"

Nimewahi kuona wanaume wakiulizwa maswali makubwa zaidi,
hospitalini, benki, mbele ya madhabahu ileile pale,
wakajibu upesi.
Merfyn alivua kofia. Akaitazama ndani
kana kwamba bei imeandikwa humo.
"Wafanye mawe," alisema.

Akawafanya mawe. Mmoja mmoja,
kivuli kidogo chini ya kila doa, na doa likaacha kupumua.
Hakuna aliyepiga makofi hadi mwisho, na hata hapo
tulipiga kama watu waliovaa glavu.
Wengine walikuwa wamevaa.

Tukanywa chai. Picha ikachezewa bahati nasibu
kama kawaida, pauni moja tiketi,
na nambari yangu ikatoka, nami ndiye niliyezichanganya,
hivyo nilitaka kukataa, wakanizomea.
Merfyn alikuwa amekwisha kuondoka. Kikombe chake kimeoshwa,
jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Sasa iko jikoni kwangu, juu ya friji.
Nilipobandua utepe uliozishika kingo,
chini kushoto, karibu kabisa na pambizo,
nikakuta doa moja ambalo halikuguswa.
Labda brashi ilipita. Labda utepe ulilificha.
Nimelitazama asubuhi, nimelitazama usiku kwa taa ya jiko,
na sijamwambia Merfyn.
Mwezi ujao ni somo la maua.
Nitamwekea kiti karibu na hita inayofanya kazi.