Yatokanayo

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Karani wa kata, meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi,
kalamu ya bluu, na ziwa dirishani
likimetameta kana kwamba halihusiki.

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika ishirini
kwa sababu mheshimiwa diwani alisubiri boti ya Bezi.
Ajenda namba tatu: maandamano ya Nane Nane,
kutoka mwaloni Igombe hadi uwanja wa shule.

Tulianza na chatu.
Je, wachezaji wa Lugiko waruhusiwe kupita naye?
Bwana afya akasema mnyama huyo hana cheti.
Lugiko akasema: cheti cha nini, huyu ni mkazi,
kazaliwa hapa, analala chini ya kitanda changu,
na hajawahi kuchelewa kikao.
Tukacheka. Tukabishana. Chai ikaja, maandazi yakaisha.
Ikaamuliwa: chatu apite, abebwe shingoni na mtu mzima,
watoto wasimame hatua kumi.
Muda uliotumika: saa moja na robo.

Halafu nikasoma, sauti ikinipungukia:
Yatokanayo na maandamano ya mwaka jana.

Kimya kile sikukiandika.
Muhtasari hauna mahali pa kimya.

Mwaka jana tulipandisha mtumbwi juu ya tela,
ukapakwa rangi, ukavutwa na trekta la ushirika,
wavuvi ndani yake wakipiga makasia hewani
na kurusha pipi.
Na watoto wakaja, kama dagaa wanavyoijia taa.
Pipi moja ikaangukia gurudumu la nyuma, kushoto.
Ilikuwa ya nanasi. Najua,
kwa sababu Jidayi, miaka tisa, alikuwa bado ameishika
alipopakiwa kwenye gari kwenda Bugando.
Mguu ulibaki Bugando. Yeye alirudi.

Basi, hoja za usalama:
trekta liende mwendo wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani;
asipande mtu yeyote kwenye mtumbwi;
kamba za nyavu chakavu zifungwe pande zote za barabara;
pipi zisirushwe, zigawiwe mkono kwa mkono;
na kila gurudumu liwe na mtu wake wa kutembea nalo.
Zilipita bila kupingwa.
Dakika sita.

Mengineyo.
Malongo, dereva wa mwaka jana,
alinyoosha mkono kule nyuma, karibu na mlango.
Aliomba asiendeshe. Aliomba gurudumu.
Mwenyekiti akauliza lipi,
kisha akajutia kuuliza.

Siku yenyewe: jua, vumbi,
tarumbeta moja ya shule inayokwama kwenye noti za juu.
Chatu alipita usingizini.
Mtumbwi ukafuata, mtupu, makasia yamefungwa,
kama mtumbwi uliorudi ufukweni peke yake,
na wanawake wa mwaloni, wanaoijua picha hiyo,
walikata vigelegele katikati.
Malongo alitembea ameinama,
kiganja kimening'inia kati ya mpira na barabara,
kama anayemwongoza ng'ombe kipofu.
Hakututazama.

Jidayi alisimama kando yangu,
magongo yake yamezama kidogo mchangani.
Mama mmoja wa ushirika alikuja hadi kwenye kamba
akamwekea pipi kiganjani, akayafunga vidole vyake
kimoja kimoja, kama anayelipa deni.
Jidayi akashukuru. Akaitazama.

"Mwaka huu hawarushi?"
"Hapana. Ni kanuni."
"Kila mtu anapewa tu?"
"Kila mtu."
Akaitia mfukoni bila kuifungua.
"Sasa unajuaje kama umeipata?"

Kikao kijacho tarehe itatangazwa.
Swali lake nimeliingiza chini kabisa, kwenye Mengineyo,
kwa penseli.