Boneti Yenye Joto

Baba alinunua maksai kwa kuwafungua midomo.
Aliingiza kidole, akahesabu meno,
akawaswaga hatua kumi kwenye matope,
ndipo akakubali kuzungumza bei.
Karani na Mkaguzi, ndivyo alivyowaita.
Mwaka ule wa wezi wa mifugo walikwenda wote wawili,
nira ikabaki imeegemea ukuta,
na mama akarudi kwenye jembe la mkono.

Sasa mimi, Asekenye, binti yake,
nina milioni kumi na tisa za karanga na machungwa
na trekta dogo la kuchagua.

La kwanza liko Soroti, nyuma ya kioo,
jekundu kama pilipili iliyooshwa,
kiti bado kimevaa nailoni.
Nguvu za farasi ishirini na nne, asema kijana wa tai,
nami kwetu Serere sijaona farasi hata mmoja.
Waranti miaka miwili. Milioni arobaini na mbili.
"Pengo benki italiziba, mama.
Wewe lete tu hati ya shamba."
Lile "tu" alilitamka
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Ebyau, mume wangu, alikalia nailoni,
akashika usukani, akaacha kusikia.
Usiku alilima ndotoni, miguu ikikanyaga shuka.
Mimi nililima hesabu hadi jogoo:
mvua hukosa msimu. Benki haikosi.

La pili liko Kumi, uani kwa Omaset.
Lilitoka Japani kwa meli, likapita Malaba juu ya lori,
rangi imepauka, na kando ya gia kuna kibandiko
chenye maandishi asiyeyajua mtu;
huenda yanasema hatari,
huenda ni jina la mke wa mtu.
Mita inasema saa mia tisa na kumi.
Kanyagio la klachi limelika hadi chuma kinang'aa.
Nilisimama pale nikimfikiria mwenye ule mguu,
matope ya mpunga kwenye buti lake,
jioni ngapi alikanyaga hapo
kabla hajazeeka, au hajauza, au hajafa.

Fundi Opolot alininong'oneza:
"Usilinunue mchana. Nenda alfajiri
ulikute limelala."

Nikafika saa kumi na mbili, umande bado kwenye matairi.
Nikaweka kiganja juu ya boneti.
Ilikuwa na joto,
kama kitanda alichoamka mtu sasa hivi.

Omaset akaviangalia viatu vyake.
Sikumkemea. Nikaketi juu ya tofali,
nikafungua kifurushi cha karanga.
"Lipoe," nikasema. "Leo sina safari."

Jua lilikuwa limepanda lilipopoa.
Mara ya kwanza likakohoa.
Ya pili, kimya.
Ya tatu likawaka, moshi mweupe ukafunika ua,
kuku wakatawanyika, mtoto wa Omaset akapiga makofi.

Ebyau akasonya.
Mimi nilipata faraja nisiyojua kumweleza:
hatimaye nimeyaona meno.
Sahani ya klachi, plagi za kupasha injini, sili moja inayovuja:
kila ubovu ukaja na bei yake, nikaziandika kiganjani.
Kutoka kumi na nane tukashuka hadi kumi na tano na nusu.
Omaset akaapa kwa mama yake,
akaapa tena,
akaleta karatasi.

Hati ya shamba ingali ndani ya kopo la majani ya chai,
mahali mama alipoiacha.

Chenji ilipita kwa Opolot, kisha mnadani.
"Ndama dume wa nini tena," Ebyau akauliza,
"na trekta limesimama uani?"
Nilikuwa nimeshamfungua mdomo, kidole kimo ndani.
"Wa zile asubuhi za baridi," nikamjibu.