Mita ya Nyumba Isiyo na Mtu

Wageni huyatazama majengo haya kwa mbele:
nakshi, roshani, mwaka uliochongwa juu ya mlango.
Mimi nayajua kwa nyuma,
kwa uchochoro, kwa koki, kwa kifuniko cha chuma
ninachokiinua kwa bisibisi kila mwezi.
Mimi msoma mita. Tanga yangu ni tarakimu.

Huanzia mnara wa saa.
Mshale mfupi unagusa tisa, nami nasema saa tatu,
kama alivyosema mama, na mama yake mama.
Walituachia saa yao;
tukaisoma upande wa pili
na kazini tukafika kwa wakati.

Jengo lile la nguzo nene lilikuwa benki, sijui ya nani.
Siku hizi ni ghala la kamba za mkonge,
linanuka shamba lililolowa.
Karani Semkiwa huniuliza kila mwezi kama nimekosea,
kila mwezi namwonyesha kioo cha mita,
kila mwezi tunacheka,
kisha mimi peke yangu ndiye ninayecheka.

Kwa Bi Zerbanu, ghorofani, ngazi ina vidato vitatu vinavyolia.
"Usikanyage katikati!" sauti inatoka jikoni,
"kanyaga pembeni, kama mwizi!"
Babu yake alichonga jina la mkewe juu ya dirisha,
akakosea herufi moja, akaona haya kuibomoa.
Mke hakusema neno.
Tangu siku hiyo akajiandika vile vile,
hata kaburini yuko vile vile.

Chini, kwenye upenu, Mhina fundi baiskeli
ametundika ringi kwenye ndoano ya karabai
iliyopigiliwa kabla baba yake hajazaliwa.
"Ndoano ya nani hii?"
"Ya mwenye cha kutundika."

Halafu nyumba ya kona.
Waja leo waondoka leo, ndivyo mji wetu unavyosemwa.
Hawa walikaa miaka sitini, wakaondoka leo.
Kufuli limeota kutu, limekuwa kitu kimoja na pete yake;
chini ya mlango bili zangu zimelaliana
kama samaki chanjani.

Lakini mita inazunguka.
Taratibu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.
Yuniti tatu mwezi uliopita. Tatu mwezi huu.
Nikaweka sikio ukutani: chokaa, ubaridi,
na mbali ndani ya matumbawe
kitu kinameza.

Nikavuka barabara. Miaka tisa ya kazi,
leo ndiyo mara ya kwanza naitazama kwa mbele, kama mgeni.
Juu, penye ukingo wa paa, umeota mkuyu,
majani mabichi, yanang'aa, na kiangazi chote hiki.
Mizizi imeteremka ukutani, imepita dirisha,
imepita mwaka uliochongwa (tarakimu ya mwisho imekwisha kulika)
ikaingia kwenye ufa, pale pale bomba linapopita.

Kanuni naijua: bomba likivuja, ripoti, kata.
Na mti huu, nisijidanganye, ndio utakaouangusha ukuta.
Ila nimeangalia vizuri.
Upande wa kusini, ambako boriti zimeoza,
ni mizizi tu iliyobaki kuushikilia.

Nikaketi barazani na daftari mapajani.
Penye jina la mteja nikakaa sana.
Mhina akaniita, chai imepoa.

Nikaandika: yuniti tatu. Matumizi ya kawaida.
Nikakirudisha kifuniko kwa mikono miwili,
kisilie.