Mgomba Usiozaa Ndizi

Afisa forodha wa KIA alifungua sanduku langu,
akakuta donge la uzi rangi ya chai ya maziwa,
akalinusa.
"Hiki nini, dada?"
"Mgomba. Uzi wa mgomba. Natoka nao Japani."
Akamwita mwenzake, naye akaja na kikombe mkononi:
"Njoo umwone mtu wa Uru
aliyepanda ndege tatu kufuata mgomba!"

Walicheka mpaka foleni nyuma yangu ikacheka.
Nami nilicheka. Ningesemaje?
Nyuma ya jiko la mama migomba imesimama
kama watu waliokuja msibani wakasahau kuondoka.
Tunajua ndizi za mtori, za mbege, za kuchoma,
jani la kufunikia chungu,
shina la kuwakatia ng'ombe kiangazi.
Nguo? Hilo hatukuambiwa.

Kule Okinawa, Bibi Nakama hakunipokea kwa maneno.
Alinipa kisu, akanionyesha shamba.
Migomba yake myembamba, haina ndizi ya kumpa mtoto:
vidole vifupi, mbegu nyeusi ngumu kama kokoto.
Shina alilichambua ganda kwa ganda,
la nje la mikoba, la kati la mikanda,
la ndani kabisa, jeupe kama kucha ya kichanga,
la vazi la siku za joto.
Akalichemsha kwa maji ya majivu.
Majivu! Hayahaya mama anayosugulia sufuria.
Akakwangua kwa koleo la mwanzi
hadi zikabaki nyuzi, zinang'aa kama njia ya konokono.

Kisha vifundo.
Unyuzi mmoja hauzidi kimo cha mtu,
basi unaunga mwingine, na mwingine,
fundo dogo kuliko jicho la siafu.
Wiki mbili sikugusa kitanda cha mfumi.
Nilifunga tu. Yeye alifunga akitazama mieleka kwenye televisheni,
mikono ikijiendea yenyewe,
na kila jioni aliuvuta uzi wangu kidogo,
ta!
akanirudishia vipande viwili.
Hakukasirika. Alikuwa na neno moja kwangu,
ndilo neno la Kijapani ninalolijua vizuri:
tena.

Alinikalisha kufuma siku ya mvua.
Uzi huu ukikauka hukatika,
unataka hewa nzito, kuta zenye jasho,
ndipo mtande unakaza na mshindio unapita bila kunung'unika.
Nikakumbuka masika ya kwetu,
sare za shule siku nne kwenye kamba, bado mbichi,
nasi tunayatukana mawingu yaliyoficha Kibo.

Mama alinisikiliza haya yote akimenya ndizi,
viganja vimepakwa mafuta, utomvu usishike.
Maana utomvu tunaujua.
Shati langu la kipaimara lina doa lake mpaka leo,
jeusi, halikujali sabuni wala ndimu.
"Mgomba usiozaa ndizi," akasema,
"huku tungeshaung'oa."
Akamenya mbili, tatu.
"Na nguo yenyewe, wanauzaje?"
Nikamtajia.
Kisu kikasimama.
"Ng'ombe wangapi hao?"

Wenzangu pale karakana ya Njoro wananiambia nirudi kwenye pamba.
Leokadia amenihesabia: magogo tisa nimeharibu,
na harufu ya sufuria yangu imefukuza wateja.
Ni kweli. Mgomba wetu umezoea kulisha, haujui kuvika.
Lakini jana, katika gogo la kumi,
nilipata nyuzi mbili urefu wa mkono,
za njano mbaya, ngumu kama ndevu za baba mdogo Nderingo.
Mama alizichukua, akaziunga bila kutazama,
fundo lilelile analofungia mizigo ya majani tangu usichana wake.

Nikavuta.
Nikavuta tena.

Akanipokonya, akautundika kwenye msumari karibu na kalenda ya parokia.
"Haya," akasema, akinyanyua beseni lake la maganda,
"na ng'ombe je, kiangazi watakula nini?"