Moja ya Mia Mbili

Mama Lugembe alipanda ngazi za studio, Makoroboi,
kabla sijafungua dirisha la pili.
Akaitoa picha kwenye mfuko wa rambo,
akaiweka kaunta kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Hawa wote ni mchana," akasema.
"Bibi harusi mchana, mama mkwe mchana,
hata yule mtoto wa jirani asiyealikwa, mchana.
Mimi peke yangu ndiye niliyeangukiwa na usiku?"

Nikaitazama. Kamera niliisimamisha wima,
na ukingoni, pale aliposimama yeye,
utepe mweusi ulionyooka kama rula
umemeza gauni la dhahabu, umebakiza kiwiko.

Ningeweza kusingizia umeme.
Umeme umeshasingiziwa makubwa zaidi mjini hapa.
Lakini alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga kwa ajili yangu,
na lile gauni alikuwa bado analilipia kidogo kidogo.

Mama, nikasema, ndani ya kamera mna mapacha.
Kulwa ni pazia la kwanza: hukimbia akifungua.
Doto ni pazia la pili: humfuata akifunga.
Ukiwapa moja ya mia mbili ya sekunde
Kulwa hufika ng'ambo kabla Doto hajanyanyua mguu,
na kwa kitambo hicho, kifupi kuliko kope,
chumba kizima ki wazi.
Hapo ndipo flashi hupiga.
Mara moja tu. Haibishi hodi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Igombe, kwenye mashindano ya mitumbwi,
spidi nimeipandisha: moja ya mia tatu na ishirini.
Jioni nikaingia ukumbini na haraka ile ile kidoleni.
Flashi yangu ni ya mtumba, haisemezani na kamera,
haikunionya.
Doto akatoka mapema.
Mwanga ulipofika, alikuwa keshafunika upande wako.

Akanyamaza. Akaikunja picha, akaikunjua.
"Mimi ndiye Doto," akasema.
"Kulwa wangu alitangulia tukiwa na miaka tisa.
Usimsingizie Doto, mwanangu.
Nani alimharakisha?"

Sikuwa na jibu la kuuza.

Saa kumi na mbili tulikuwa gatini, tukingoja kivuko cha mwisho.
Gauni alilivaa juu ya kanga, kwa hasira au kwa madaha, sikuuliza.
Nikashusha spidi: moja ya nane.
Juu ya mia mbili hupiti bila kulipa,
chini yake unatembea utakavyo;
na Doto akikawia mlangoni
hata ziwa hupata kuingia,
na taa za mlimani, moja moja, na bati la paa la mwuza sato.
Flashi niliiachia uso wake tu.

Kivuko kikapiga honi. Akageuka, akacheka.

Kwenye kioo cha kamera alionekana mzima, dhahabu yote,
na begani mwake umbo jepesi, kama mvuke wa chai,
limegeukia majini.

"Na huyu?"

Nilianza kumweleza: mwanga wa flashi ulikugandisha,
halafu shata ilikuwa bado wazi, ukasogea, ndipo...
Alikuwa amekishika kioo kwa mikono miwili.
Mabaharia wanamwita, kamba inafunguliwa.

Nikamwambia nitaisafisha kesho, aje kuichukua Jumanne.
"Safisha ukingo," akasema. "Huyo muache."