Wageni wa Siku ya Tatu

Hilja wa ghorofa ya chini amepanda na bakuli,
kalifunika kitambaa cha maua, anahema.
Ana miaka themanini na mmoja. Amepanda ngazi thelathini na nne.
Mimi nina arobaini na mitatu, na ngazi hizo
sijazishuka tangu theluji ya kwanza ilipoigusa Oulu.

"Mama alikuja nao kutoka Kainuu," anasema,
"kijiko kimoja cha mtindi, ndani ya chupa, ndani ya soksi ya sufu,
mwaka wa vita. Haujafa mpaka leo.
Jioni unachota kijiko cha jana, unakitia kwenye maziwa ya leo,
unakwenda kulala. Wao hawalali."

Wao. Anawataja kama wapangaji.

Nilikuwa tarishi. Baiskeli ya posta, mitaa kumi na miwili,
mbwa wote wakiijua harufu yangu.
Kisha ikaja homa ya Machi, homa ya kawaida tu,
ikaondoka na kila kitu, ikaniacha mimi.
Sasa nikiosha nywele Jumatatu, mdai anabisha hodi Jumatano.
Nalala saa kumi na mbili, naamka kama niliyekesha matangani.
Na tumbo, lo, tumbo!
Kipande cha mkate kinaingia kama kesi ya shamba,
kinaondoka usiku wa manane, bila suluhu.

Nilishanunua kapsuli. Bilioni hamsini ndani ya kila moja,
kopo lilijigamba hivyo. Zilinijaza upepo,
zikakaa kwenye friji zikinitazama kila nilipofungua mlango.
Daktari Ahvenainen ni mkweli, namshukuru:
"Utafiti upo, lakini ni mchanga, na wenyewe kwa wenyewe haujapatana.
Wapo wanaopata nafuu ya tumbo. Wapo wasiopata kitu.
Mtu asikuuzie muujiza kwenye kopo."

Basi nikaanza na nusu kijiko cha chai.
Mtindi wa Hilja unavutika, hautaki kuachana na kijiko,
una ukakasi kidogo, na harufu ya pishi.
Siku ya kwanza tumbo liliunguruma.
Siku ya pili liliunguruma.
Mgeni siku mbili, wahenga hawakukosea;
siku ya tatu nililala chali, mkono juu ya kitovu,
nikawagawia majembe.
Limeni, niliwaambia. Shamba ni hilo. Mimi siwezi.

Wiki ya sita.
Sijapona. Shika hilo kabla hujafurahi.
Uchovu uko palepale, umekaa ukingoni mwa kitanda,
umevaa viatu vyangu vya kazi.
Ila mkate mweusi sasa unapita kimya,
na usiku wa manane umerudi kuwa usiku tu.
Hilo dogo. Silitii chumvi.

Na jingine, ambalo daktari hakuuliza:
kila jioni, hatua saba hadi jikoni,
kijiko cha jana, maziwa ya leo, kitambaa.
Ziko jioni nilizozikata hatua hizo kwa awamu tatu,
nikipumzika kwenye kiti, kisha sakafuni.
Lakini kuna kitu hai ndani ya nyumba hii
ambacho kingekufa bila mimi.

Leo kengele imelia. Jarkko, mpwa wa Hilja,
viatu vinadondosha theluji, kofia mkononi.
Shangazi alianguka bafuni, nyonga. Wiki tatu hospitali.
Amerudi, mkali kama kawaida,
bakuli lake limeota ukungu wa kijani,
na anauliza, kama haitakuwa taabu,
kama ninacho kijiko.

Kama ninacho.

Nimekitia kwenye kikombe, nimefunika kitambaa kilekile cha maua.
Nimesimama mlangoni, bega kwenye fremu,
nikisikiliza buti za Jarkko zikihesabu:
thelathini na mbili, thelathini na tatu, thelathini na nne.
Mlango wa chini umefunguka.
Nimefika.